Kumbukumbu za Majeraha ya Utotoni

Leo tunauliza: aliyeumizwa utotoni hukumbuka nini ukubwani?

Julai 1976, mjini Chowchilla, California, watu watatu wenye silaha waliteka basi la shule lenye watoto 26 na dereva wao. Wakawafukia machimboni, ndani ya bodi la lori, na baada ya saa kama 16 mateka wale wakajichimbua wenyewe. Daktari wa akili Lenore Terr aliwafuatilia watoto hao kwa miaka kadhaa. Tukio hawakulisahau. Ila baadhi walipangua mfuatano wa mambo, na wengine walisadiki kwamba siku ile waliona dalili mbaya mapema.

Kwa hiyo kusahau hakupo? Kupo. Mwaka 1994 mtafiti Linda Meyer Williams alichapisha habari za wanawake 129 wa Marekani waliofikishwa hospitali utotoni kwa kudhalilishwa kingono. Mafaili yalikuwepo. Walipohojiwa miaka 17 baadaye, asilimia 38 hawakulitaja tukio lile. Utasema ni haya. Haya ipo, lakini wengi wao walisimulia udhalilishaji mwingine waliofanyiwa utotoni. Waliokuwa wadogo zaidi, na walioumizwa na mtu wanayemfahamu, ndio waliolisahau zaidi. Mimi hilo halinishangazi: mtoto atamwekaje moyoni kama adui mtu anayemwamkia shikamoo kila asubuhi?

Sasa upande wa pili: kukumbuka lisilotokea. Mwaka 1995 mtafiti Elizabeth Loftus na mwenzake Jacqueline Pickrell waliwapa watu 24 kisa cha kubuni, kwamba walipotea dukani wakiwa wadogo. Karibu robo yao wakaja kukikumbuka, kizima au nusunusu.

Ndiyo maana nasema nanyi mnaoombwa ushauri, akina shangazi, wachungaji, walimu, waganga. Mpwa wako akikwambia, "Shangazi, kuna kitu kilinipata kwa fulani," usimtajie jina wala usimjazie kisa. Mwambie, "Enhe, mwanangu, nakusikiliza," kisha unyamaze. Akisita, mwache asite. Akisema hakumbuki, usimwite mwongo. Usimpeleke kwa yeyote anayeahidi kumfukulia yaliyosahaulika. Mpeleke kwa mshauri nasaha wa hospitali.

Na kama anayeumizwa ni mtoto wa leo, Kenya na Tanzania namba ya kupiga ni moja: 116. Ni bure.