Kibonyezo Kilichokataa Kuimba

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu piano ya dijitali, ambayo wengi wetu tumeizoea kwa jina la kinanda cha umeme, na hasa maradhi yake ya kawaida: kibonyezo kimoja kinapokaa kimya, kinapozama kisiinuke, au kinapotoa sauti kali isiyolingana na nguvu ya kidole.

Chombo hiki kimeenea makanisani na katika vikundi vya taarab ya kisasa. Kwa wenzetu walio ughaibuni ndicho kinachofaa katika nyumba za ghorofa, kwa kuwa mtoto huweza kuvaa spika za masikioni akajifunza usiku bila ya jirani kugonga ukuta. Basi kibonyezo kimoja kati ya 88 kikiharibika, mwenye chombo hukipeleka kwa muuzaji, na jibu alipatalo mara nyingi ni kwamba ujira wa fundi utakaribia bei ya chombo kipya. Kinanda huegemezwa ukutani kikasubiri siku ya taka. Masomo ya mtoto nayo hukatika, maana ni vigumu kujifunza wimbo ambao kila ukifika mahali fulani una pengo. Mimi naona hukumu hiyo hutolewa kwa haraka mno. Aghalabu mkosaji ni vumbi tu, au kipande cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole.

Bartolomeo Cristofori alipoiunda piano mjini Florence, Italia, yapata mwaka 1700, jambo jipya lilikuwa nyundo. Vinanda vingi vya nyuzi vilivyotangulia vilinyofoa uzi kwa namna ile ile, ubonyeze polepole au kwa nguvu. Nyundo ilimpa mpigaji uwezo wa kunong'ona na wa kunguruma kwa kidole kimoja, na jina la chombo likatokana na maneno ya Kitaliano yenye maana ya sauti ya chini na sauti ya juu.

Piano ya dijitali haina nyuzi. Sauti zake zimehifadhiwa ndani tayari, na kazi ya kibonyezo ni kupeleka habari mbili: noti ipi, na kwa nguvu gani. Katika vinanda vingi, chini ya kila kibonyezo kuna kijikofia cha mpira, na ndani yake viduara viwili vyeusi vya kaboni, pengine vitatu, kimoja kikiwa kimeinuliwa kidogo kuliko mwenziwe. Kidole kinaposhuka, kiduara cha kwanza hugusa ubao wa saketi, kisha hufuata cha pili. Chombo hakipimi nguvu hata kidogo. Kinachopimwa ni muda uliopita baina ya mguso wa kwanza na wa pili, muda wa sehemu za elfu za sekunde. Ukiwa mfupi, hutoka kishindo; ukiwa mrefu, hutoka mnong'ono.

Mwenye kulijua hilo huanza kuzielewa dalili. Chembe ya vumbi, unywele, au uchafu wa mende (wadudu hawa hupenda joto la vyombo vya umeme) ukikaa juu ya mguso mmoja, hesabu ya muda huvurugika. Noti ama haitoki kabisa, ama hutoka kwa ukali wa mwisho hata ukiigusa kama mtu ashikaye yai. Wengi huilaumu spika, ilhali spika haihusiki: ingekuwa yenye kosa, noti za jirani nazo zingekoroma.

Kwa hiyo, kabla ya kushika bisibisi, zima chombo, ubonyeze kibonyezo kigonjwa pamoja na jirani zake. Vikishuka na kuinuka sawasawa, shaka iangukie mguso. Kibonyezo kikilegea au kikibaki chini, ugonjwa ni wa kiwiliwili: springi imechomoka, plastiki imekatika, au sarafu imedumbukia kati. Na iwapo vibonyezo kadhaa vimekufa kwa mpangilio, tuseme kila baada ya idadi ile ile ya vibonyezo, basi acha mpira ulivyo. Hapo tatizo huwa kwenye waya bapa au kwenye saketi yenyewe, na hiyo ni kazi ya fundi wa elektroniki.

Kufungua kunataka subira kuliko ujuzi. Chomoa waya wa umeme kwanza, na ikiwa chombo huchomekwa ukutani moja kwa moja bila ya adapta, usikiguse kisanduku cha umeme kilichomo ndani, kwani huweza kubaki na chaji. Tandika blanketi, ulaze kinanda kifudifudi, na kila hatua ipige picha. Skrubu huwa za urefu mbalimbali. Ndefu ikiingizwa mahali pa fupi huweza kutoboa sehemu isiyostahili.

Mipira hiyo huja kwa mikanda, na mkanda mmoja mara nyingi huchukua vibonyezo vya oktava nzima. Uinue taratibu, bila ya kuvishika viduara vyeusi kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi ni uchafu mwingine. Ubao wa saketi upanguswe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholowanishwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, ile inayopatikana katika maduka ya dawa. Viduara vya kaboni usivisugue. Ni tabaka jembamba, na likishatoka halirudi. Acha vyote vikauke kabisa. Wakati wa kuurudisha mkanda, vichomozo vyake visukumwe ndani ya matundu kwa kijiti butu hadi vikae barabara, la sivyo kibonyezo kitakuwa kigumu kuliko wenziwe.

Na kama baada ya hayo noti bado ni bubu? Iwapo mikanda inafanana umbo, badilishana mkanda huo na wa oktava nyingine. Ugonjwa ukihama pamoja na mpira, mpira ndio uliochakaa, nao huuzwa peke yake. Ukibaki pale pale, ubao ndio wenye kasoro.

Plastiki iliyokatika ni kesi nyingine. Mara nyingi hukatika nyuma, kwenye ulimi mwembamba unaopinda kila noti inapopigwa. Hapo siipendi gundi, hata ile kali, kwa kuwa sehemu hiyo hupinda maelfu ya mara na gundi iliyokauka haijui kupinda. Heri kuagiza kibonyezo kipya kwa namba ya modeli iliyoandikwa chini ya chombo, pamoja na herufi ya noti, kwani vibonyezo vyeupe vimechongwa tofauti na cha D hakiingii mahali pa E. Agiza mapema, maana vipuri vya modeli ya zamani hufikia siku vikatoweka. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 kuhusu haki ya kutengenezewa bidhaa inazitaja mashine za kufulia, majokofu na simu, vinanda havimo. Wenye kinanda cha Roland JD-800, kilichotoka mwaka 1991, wanalijua tatizo jingine la uzee: gundi nyekundu iliyoshikilia vyuma vya uzito chini ya vibonyezo huyeyuka na kutiririka, na kuiondoa ni kazi ya siku kadhaa.

Ukishafunika chombo, na kabla ya kukaza skrubu zote, kiwashe, uanze na kibonyezo cha kushoto kabisa, kimoja kimoja, kwanza kwa upole kisha kwa nguvu, hadi cha 88. Sikio hudanganyika, basi mwenye kompyuta na aiunganishe kwa MIDI, mfumo uliotolewa mwaka 1983, na programu itamwonyesha nguvu ya kila mguso kwa namba kuanzia 1 hadi 127. Kibonyezo kilichopona hupanda na kushuka pamoja na kidole. Kinachorukia 127 kila mara bado kina uchafu, na mkanda wake utapaswa kufunguliwa tena.