Nepi ya Nyumbani na Mikono Inayoifua

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa serikali.)



Nilipoombwa kuzungumzia uchumi wa nyumbani, yamkini wengi wenu mlitarajia nianze na bei ya unga au kodi ya nyumba. Mniwie radhi. Nimekuja kuzungumzia nepi, ama winda kama wasemavyo wazee wetu wa pwani. Naona baadhi ya ndugu wanaume wamekwisha anza kutabasamu. Na watabasamu; huenda nitakapomaliza wakawa wameacha.

Mtoto mchanga hubadilishwa nepi mara nane, mara kumi, na pengine zaidi kwa siku moja. Kwa mwezi hesabu hiyo hufika 240 au 300. Nepi ya dukani huvaliwa mara moja ikatupwa, na mshahara wetu huja mara moja kwa mwezi. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa nilijidai msomi, nikanunua za dukani. Ilipofika katikati ya mwezi mfuko ulikuwa mtupu, nami nikaanza kumwacha mtoto na nepi moja usiku kucha ili kubana matumizi. Matokeo yake ngozi yake ikatoka vipele, mapaja yakachubuka, akawa halali. Wahenga walikwisha sema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi niliuona ukweli wa methali hiyo kwenye matako ya mwanangu.

Mama yangu mzazi alipokuja kumwona mjukuu alileta tita la khanga kuukuu. Nikaazima cherehani kwa jirani. Lakini kwa kiburi cha shahada yangu nikaziweka khanga zile kando, nikanunua kitambaa kipya cha pamba, nikakikata siku ile ile, nikashona tabaka nne pamoja pande zote. Zilipofuliwa mara ya kwanza zilijikunja na kupungua. Tena tulikuwa katika masika, na zile tabaka nne zilikaa kambani siku mbili bila kukauka. Mama hakusema neno. Alichukua wembe, akazifumua moja baada ya moja.

Mafunzo niliyoyapata ni haya. Kwanza, kitambaa kipya cha pamba sharti kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa sababu hupungua, na pia kwa sababu dawa ya kukikazia inayotoka nayo kiwandani huzuia kufyonza. Khanga iliyovaliwa miaka mingi imekwisha maliza hatua hiyo. Tena ni laini. Pili, upande mmoja wa khanga, wenye urefu wa kama mita moja na nusu, hutoa miraba miwili ya sentimeta 70 kila upande. Pindo zikunjwe mara mbili na kupigwa cherehani, uzi usije ukachomoka na kumzonga mtoto. Ukanda unaobaki hukunjwa ukawa kitambaa cha katikati, palipo na kazi kubwa zaidi. Fulana kuukuu ya pamba au taulo lililochakaa navyo vinafaa. Kitambaa hicho cha katikati kisishonewe kwenye nepi, bali kiwekwe tu, ili kila kimoja kikauke peke yake. Nepi 24 zinatosha kwa mtoto mmoja, ikiwa zinafuliwa kila siku au kila baada ya siku mbili. Badala ya pini inayoweza kumchoma, nepi inaweza kushonewa kamba za kufungia kiunoni.

Asiwepo wa kuniambia kwamba kushona nepi ni ushamba. Huko Marekani, mwaka 1946, mama mmoja aitwaye Marion Donovan alichoka kubadilisha mashuka yaliyolowa. Alikata pazia la bafuni, akaketi kwenye cherehani yake, akashona kifuniko cha kuvalishwa juu ya nepi ya kitambaa. Baadaye aliweka vifungo vya kubana badala ya pini, na mwaka 1951 akapewa hataza ya uvumbuzi wake. Nepi za kutupa za Pampers ziliingia sokoni huko miaka kumi baadaye, yaani 1961, na jina hilo ndilo lililozaa neno letu pampasi. Pampasi hizo zina plastiki ndani yake. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni, 2019, lakini plastiki hii nyingine bado inajaza mashimo ya vyoo vyetu na mitaro ya mitaa yetu. Haiozi.

Usafi nao una kanuni zake. Kinyesi kitupwe chooni, nepi iloekwe katika ndoo yenye kifuniko, mbali na watoto watambaao, kisha ifuliwe kwa sabuni na maji ya moto, na kusuuzwa mpaka sabuni iishe. Ianikwe kambani penye jua, isitandazwe majanini wala mchangani. Halafu ipigwe pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Yupo nzi atagaye mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini wakafanya majipu. Joto la pasi huyaua mayai hayo. Mtoto abadilishwe mara alowapo. Hakuna nepi, ya dukani wala ya nyumbani, inayosamehe uvivu huo.

Sasa nifikie jambo lililonileta hapa. Mke wangu ni mwalimu. Likizo yake ya uzazi ilikuwa siku 84, kama sheria yetu inavyoagiza kwa anayejifungua mtoto mmoja. Alirudi kazini, na mimi nikaendelea kujisifu mbele ya wenzangu jinsi nyumba yangu inavyojitegemea. Usiku mmoja nilimkuta uani saa nne, mikono ndani ya beseni, na madaftari ya wanafunzi yakimsubiri mezani. Aliniuliza kwa upole, "Mwenzangu, akiba hii unayoisifu, inatoka mfukoni mwako au mgongoni mwangu?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeuondoa mzigo kwenye mshahara wangu nikautua juu ya usingizi wa mke wangu, kisha nikauita mzigo ule kujitegemea. Kujitegemea kwa nyumba ambamo mmoja hufua na mwingine hutoa hotuba ni unyonyaji uliovaa khanga. Tangu usiku ule nepi nilizifua mimi asubuhi kabla ya kwenda kazini, na yeye akazianua na kuzipiga pasi. Majirani walicheka kwa wiki moja. Wiki ya pili mmoja wao alikuja kuuliza sabuni gani inafaa.

Kwa hiyo siwaambii akina mama washone nepi. Wengi wao wanajua kushona kuliko mimi. Nawaambia akina baba: kama nyumbani hakuna maji ya kutosha, au kama hamko tayari kushika beseni, nunueni za dukani bila ya kulalamika juu ya bei yake. Lakini kama mnataka akiba, akiba hiyo ianze na mikono yenu.