Safari ya Kwenda Shamba la Pamoja: kwa Baiskeli, kwa Basi, kwa Motokaa

Natumaini kila mmoja amekwisha kaa, na kalamu iko mkononi. Ukurasa ulio mbele yenu una maneno yale yale nitakayoyasema. Mkiona nakwenda mbio mno, fuateni kwa kidole. Na mkifika nyumbani, someni tena polepole.

Leo hatutasema habari za kupanda wala kupalilia. Hayo wengi wenu mliyajua kabla mimi sijazaliwa. Leo tutasema habari za njia: jinsi ya kufika kwenye shamba la pamoja, yaani shamba la kikundi, la darasa au la kijiji.

Mtu anaweza kuuliza, je, njia nayo ni somo? Ni somo, ndugu yangu, kwa sababu shamba la pamoja mara nyingi liko mbali. Ardhi iliyo karibu na nyumba ina wenyewe tangu zamani, na kikundi hupewa ile iliyobaki. Tena hapa Tanzania iko sababu nyingine. Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kazi hiyo iwe imekwisha kabla ya mwaka 1976 kwisha. Watu wengi wakahamia vijijini, mara nyingi kando ya barabara. Nyumba zikasogeleana, lakini mashamba ya zamani hayakuhama. Wako wazee mpaka leo ambao shamba lao liko mwendo wa saa mbili kutoka mlangoni, na sababu ni hiyo.

Sasa nitawapa kisa cha mama yangu mkubwa. Ameniruhusu kukisema.

Mama mkubwa alikuwa anakaa mjini Morogoro kwa binti yake. Kikundi chao kilikuwa na shamba upande wa Mlali, chini ya Milima ya Uluguru. Kwenda huko unatoka Morogoro kwa barabara kuu ya Iringa mpaka Sangasanga, kisha unaiacha barabara kuu na kushika njia ya Mlali na Mgeta. Yeye alikuwa hajui kusoma. Mabasi madogo ya mjini yana mstari wa rangi ubavuni, kila njia na rangi yake, na mbele yana maandishi ya mahali yanapokwenda. Mama mkubwa alishika rangi tu. Alipanda basi lake la kwanza kwa rangi, akashuka, akapanda la pili kwa kuuliza watu.

Siku moja ya kupanda mahindi, yeye ndiye aliyekuwa amechukua mbegu za kikundi kizima. Aliamka alfajiri, akaenda kituoni, akaona rangi anayoijua, au aliyodhani anaijua, maana palikuwa bado giza. Akaingia. Basi likaenda. Kulipokucha akatazama nje. Milima ya Uluguru, ambayo kila safari aliiona upande wa kushoto, sasa ilikuwa mgongoni kwake! Basi lilikuwa linaelekea Kihonda, upande wa njia ya Dodoma.

Alirudi, akapanda tena, akafika shambani saa tano. Wenzake walikuwa wamemaliza kuchimba mashimo tangu saa tatu, wamekaa chini ya mwembe wakingoja mbegu. Jua lilikuwa kali. Walipanda nusu, nusu ikalala. Kisha wakamtoza faini ya shilingi 2,000 kwa kuchelewa. Akalipa, hakusema neno.

Nilimwuliza, “Mama, mbona hukuwaeleza?” Akanijibu, “Mwanangu, ningewaambia nini? Kwamba mtu mzima na wajukuu wake hajui kusoma kibao cha basi?”

Mimi nawalaumu wale wenzake, tena nawalaumu sana. Hawakumwuliza amepita njia gani. Walijua saa aliyofika, hawakujua saa aliyoondoka nyumbani. Baadaye mama mkubwa aliingia darasa la jioni, na neno la kwanza alilomwomba mwalimu amfundishe halikuwa jina lake. Lilikuwa hili: MLALI. Lisomeni pamoja: M-LA-LI. Mlali. Vizuri.

Haya, tuanze hesabu. Tuseme shamba lenu liko kilometa 10 kutoka kijijini. Mtu mzima akienda kwa miguu hukata kama kilometa 5 kwa saa moja. Basi atatembea saa 2 kwenda na saa 2 kurudi. Mwenye baiskeli, katika njia ya udongo iliyo kavu, tuseme anakwenda kilometa 12 kwa saa. Atafika kwa dakika 50. Sasa kikundi kikisema, “Kazi inaanza saa moja asubuhi,” mwenye baiskeli ataondoka saa kumi na mbili na dakika kumi, kumekwisha pambazuka. Mwenye miguu ataondoka saa kumi na moja, gizani. Na katika vikundi vingi huyo mwenye miguu ni nani? Ni mama, na pengine ana mtoto mgongoni.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika saa ya kazi katika daftari la kikundi, andikeni kwanza majina, na mbele ya kila jina andikeni anakotoka na anakuja kwa nini: miguu, baiskeli, basi au motokaa. Kazi hiyo ni ya nusu saa tu kwa darasa linalojua kuandika. Mkiisha kuitazama orodha hiyo, mtajua kama saa mliyoiweka ni ya haki.

Sasa tuje kwenye baiskeli. Mimi naipenda baiskeli, sifichi. Haili mafuta, haingoji abiria ijae, na njia nyembamba ya mguu inaitosha. Lakini inataka kutazamwa usiku wa kuamkia safari, si asubuhi wenzako wanapokungoja. Minya tairi kwa kidole gumba. Shika breki, kisha sukuma. Ikikwenda, breki haifai. Tazama mnyororo kama umelegea. Chukua pampu, kiraka na gundi yake, kwa kuwa miiba ya njia ya shamba haina huruma na fundi yuko mbali.

Neno juu ya jembe. Wengi hulifunga jembe nyuma, mpini ukiwa umekingama kama mabawa. Hiyo ni hatari kubwa. Ukipita karibu na mtu, mpini unampiga. Gari likikupita karibu, linaukamata mpini na wewe pamoja nao. Laza mpini sambamba na baiskeli, ufunge kwa ukanda wa mpira wa ndani ya tairi mahali pawili, na ule upande wa chuma uuvike gunia. Panga ni hivyo hivyo. Usiendeshe ukiwa umeshika panga mkononi, hata kama mwendo ni mfupi.

Barabarani, mwenye baiskeli anakwenda upande wa kushoto, kama magari. Mwenye miguu, pasipokuwa na njia yake ya kando, anatembea upande wa kulia, ili ayaone magari yanayomjia usoni. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Yaandikeni katika daftari.

Akina mama, kitenge na mnyororo havipatani. Kusanya upindo, uufunge vizuri kabla hujapanda. Na asiyejua kuendesha na ajifunze. Uwanja wa shule jioni unatosha, na watoto wakicheka, waache wacheke. Nanyi akina baba, baiskeli ya nyumba ni ya nyumba nzima. Nimeiona mara nyingi baiskeli imeegemezwa ukutani kwenye kilabu cha pombe tangu asubuhi, na mama mwenye nyumba yuko njiani na jembe begani. Sisemi ni ya nani.

Basi tuyaache hayo, twende kituoni.

Anayekwenda kwa basi anahitaji kusoma mambo matatu. La kwanza ni kibao cha mbele. Soma jina la mwisho wa safari, kisha mwulize kondakta kama basi linapita pale unapotaka wewe. Kusoma hakukatazi kuuliza. Kusoma kunakusaidia kujua kama umejibiwa kweli. La pili ni namba ya gari. Gari la abiria lina kibao cha namba chenye herufi T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Pikipiki huanza na MC. Iandike namba hiyo. Ukisahau jembe lako ndani ya basi, au dereva akienda mbio za kutisha, utasema ni gari gani. Mtu asiye na namba husema tu, “Lilikuwa jeupe,” na meupe ni mengi.

La tatu ni tiketi. Nauli za mabasi zinasimamiwa na LATRA, mamlaka iliyochukua kazi hiyo mwaka 2019 mahali pa SUMATRA. Uliza nauli kabla ya kupanda, lipa, dai tiketi, usome kilichoandikwa: fedha, tarehe, mahali. Kama una mzigo, patana bei ya mzigo ukiwa bado chini. Ukiisha pandishwa juu, bei nayo hupanda.

Hesabu ya basi nayo ifanyike. Tuseme nauli ni shilingi 1,500 kwenda, na vile vile kurudi. Hiyo ni shilingi 3,000 kwa siku moja ya kazi. Mkifanya kazi siku mbili kwa juma, majuma manne, ni shilingi 24,000. Jiulizeni, fedha hii anailipa nani? Mwenzenu anayekuja kwa basi amekwisha toa shilingi 24,000 kabla hajang'oa hata gugu moja. Wakati wa kugawana mavuno msiseme wote mmetoa sawa. Vikundi vingine hutoa nauli katika mfuko wa kikundi. Vingine humpa mtu wa mbali kazi ya siku nzima mara moja kwa juma, badala ya nusu siku mara mbili. Njia hii ya pili naiona nzuri zaidi, kwa sababu haihitaji fedha.

Na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, msitegemee basi bila kuuliza. Njia ya udongo ikilowa, mabasi mengi huishia kwenye lami, na kilometa zilizobaki ni za miguu yenu. Kama kuna kijito njiani na maji yamepanda, msivuke. Shamba litakuwapo kesho.

Imebaki motokaa. Wachache wenu wana motokaa, lakini siku ya mavuno wengi mtaikodi, kwa kawaida pikapu. Hapa ndipo kikundi huibiwa. Shikeni kalamu.

Pikapu ya kubeba tani moja ni ya kilo 1,000. Gunia la mahindi ni kilo 100. Gawanya: ni magunia 10. Mkikodi pikapu hiyo kwa shilingi 60,000, kila gunia limelipiwa shilingi 6,000. Lakini mnunuzi akija na kuwaambia mjaze lumbesa, yaani gunia liongezewe kilemba mpaka lishonwe kwa kamba, mzigo si kilo 100 tena. Yeye atalipa bei ya gunia moja, nanyi mmebeba zaidi na mmetoa zaidi. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo. Pimeni kwa mizani, andikeni kilo, siyo magunia tu.

Mapatano na dereva yaandikwe kwenye karatasi kabla mzigo haujapakiwa: tarehe, namba ya gari, kutoka wapi mpaka wapi, bei, na nani anatoa mafuta. Kila upande utie sahihi. Asiyejua kutia sahihi anaweka dole gumba, ila naamini katika darasa hili dole gumba litakuwa limepumzika kufikia mavuno.

Na mtu yeyote asikae juu ya magunia. Najua mtasema, gari linarudi kijijini, nafasi ipo, kwa nini tutembee? Kwa sababu pale juu hakuna kitu cha kushika, na gari likiyumba kwenye shimo, mtu huanguka chini na magunia yanamfuata. Mzigo uende kwa pikapu, watu waende kwa njia zao.

Muda wetu unakwisha. Kazi ya nyumbani ni hii. Chora njia kutoka nyumbani kwako mpaka shamba la pamoja. Andika majina ya mahali unapopita, moja baada ya jingine, kwa herufi kubwa kama yanavyoandikwa kwenye vibao. Andika saa unayoondoka na saa unayofika. Kama unalipa nauli, andika ni shilingi ngapi. Mwalimu wenu wa darasa atazikusanya karatasi hizo, na katika mkutano wa kikundi zitasomwa zote kwa sauti, kila mtu yake.

Mama mkubwa aliisoma yake mwaka jana. Kikundi kilisogeza saa ya kazi mpaka saa mbili, na mwenye kuhifadhi mbegu sasa ni mzee mmoja anayekaa hatua mia moja kutoka shambani. Zile shilingi 2,000 hawajamrudishia bado. Anasema atawakumbusha kwa barua.

Juma lijalo tutasoma jinsi ya kuandika barua ya madai. Kwaherini.