Mtu wa Kumi na Nne Chomboni



Leo tumeweka mbele yetu picha iliyochapwa katika karatasi. Ni nakala ya kazi ya Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi. Wenzake wengi walichora merikebu na mawimbi, lakini yeye anajulikana kwa picha moja tu ya bahari, aliyoichora mwaka 1633. Nayo ni habari ya Marko 4, dhoruba ya Galilaya.

Wimbi limekiinua chombo. Tanga limepasuka. Wengine wanahangaika na kamba. Mmoja ameinama ubavuni, anatapika. Huko shetri, penye giza, wamemzunguka Yesu na kumwamsha.

Hebu tuwahesabu. Bwana na wanafunzi wake 12 ni watu 13. Lakini chomboni wamo 14. Mmoja ameshika kamba, mkono wa pili umeshika kofia yake, naye anatutazama sisi. Wengi wanasema uso ule ni wa Rembrandt mwenyewe. Hakupata kufika Galilaya. Habari ile aliipokea kwa kusimuliwa, kama sisi. Hata hivyo hakukubali kubaki ufukoni. Aliingia chomboni.

Picha yenyewe haionekani tena. Iliibiwa tarehe 18 Machi 1990 katika jumba la makumbusho la Isabella Stewart Gardner, mjini Boston, Marekani, na mpaka leo haijapatikana. Ukutani imebaki fremu tupu. Sisi tumebakiwa na nakala.

Ndugu zetu, wengi wetu tunamjua Bwana kwa nakala. Tulimsikia kwa mama, kwa mwalimu wa Shule ya Jumapili, kwa mchungaji. Nakala hiyo ni njema; ndiyo iliyotufikisha hapa. Lakini usiku ule tunapokesha kando ya mgonjwa, au mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, nakala haitoshi. Ndipo tunapouliza kama Bwana anajali. Wanafunzi nao waliuliza, ila walimwuliza yeye mwenyewe, naye akaamka.

Picha iliibiwa. Bwana hakuibiwa. Yumo chomboni mwetu usiku huu.

Na tuombe: Ee Bwana, tumechoka kukusikia kwa mbali. Tufundishe kukuita sisi wenyewe. Amina.