Kabla ya Kununua Hita ya Gesi, Uliza Moshi Utatokea Wapi

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakazi katika mkutano wa kata kuhusu nishati ya nyumbani



Sisi wakazi wa Nyanda za Juu Kusini hatuhitaji kuelezwa thamani ya maji ya moto. Mwezi wa Juni na wa Julai hutukumbusha kila alfajiri. Kwa miaka mingi tumeyachemsha kwa kuni na mkaa. Sasa mitungi ya gesi imeingia majikoni mwetu, na wengi wanauliza habari za ile hita ndogo ya kutundika ukutani, isiyo na tangi, inayowaka yenyewe bomba likifunguliwa na kuzimika likifungwa. Ni chombo kizuri. Haipashi maji yasiyotumika, na umeme ukikatika nyingi huendelea kufanya kazi, kwa kuwa cheche zake hutokana na betri mbili kubwa za tochi.

Mteja afikapo dukani huuliza bei, kisha jina la mtengenezaji. Nawasihi swali la kwanza liwe jingine: moshi wake utatokea wapi?

Gesi ikiungua penye hewa ya kutosha hutoa joto, mvuke na hewa ukaa. Hewa ikipungua, hutoa pia kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ile harufu tunayoinusa mtungi unapovuja imetiwa makusudi ili kutuonya. Kaboni monoksidi haina mwonyaji wa namna hiyo. Ikivutwa hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata mtu akakosa hewa huku kifua chake kikipanda na kushuka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyejifungia bafuni hudhani ni mvuke au uchovu wa kazi, na akianguka hakuna amwonaye. Hata hita ndogo ya lita 6 hula gesi mara nne au tano ya ile iliwayo na jiko la kawaida la plate moja, na sisi kwa sababu ya baridi hufunga dirisha la bafu. Ndiyo maana China, ambako hita hizi hutengenezwa kwa wingi, ilipiga marufuku mwaka 1999 utengenezaji wa zile za kuogea zinazomwaga moshi ndani ya chumba.

Basi, hita isiyo na bomba la moshi isitundikwe ndani ya nyumba, hata muuzaji akiapa. Iliyo na bomba la moshi hufaa ikiwa bomba hilo linafika nje kabisa. Kulikomesha juu ya dari ni kuuhamishia moshi chumba cha watoto. Hata hivyo, aina hii huvuta hewa ya chumbani, kwa hiyo huhitaji tundu la kupitishia hewa lisilozibwa kwa matambara, na mahali pake si bafuni. Iliyo salama zaidi kwa ndani ni ile iliyofungwa pande zote, yenye bomba la kuvuta hewa nje na kuurudisha moshi huko huko. Bei yake ni kubwa, na kwa kawaida huhitaji umeme wa kuendesha feni. Mwenye fedha kidogo anunue iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje, aitundike ukutani upande wa nje chini ya paa lisilovuja, mbali na dirisha, kisha alete ndani bomba la maji ya moto peke yake. Kwa nyumba nyingi za kata hii, hilo ndilo ningelichagua mimi.

Sasa kuhusu ukubwa. Hita iliyoandikwa lita 6 kwa kawaida humaanisha lita 6 kwa dakika, maji yakiongezewa nyuzi 25. Maji yetu yakiingia yakiwa na nyuzi 12, yatatoka na 37, yaani vuguvugu la kuogea mtu mmoja. Ukitaka yawe ya moto zaidi, punguza mkondo. Kuoga kwa dakika 10 hutumia takriban gramu 160 za gesi, hivyo mtungi wa kilo 15 hutosha mara 90 hivi. Familia ya watu watano wanaooga mara moja kwa siku wataumaliza kwa siku 18. Pigeni hesabu hiyo nyumbani kabla ya kufika dukani.

Mtungi mdogo wa kilo 6 hautoshi hita: gesi ikivutwa kwa kasi mtungi hupoa, huganda ukungu kwa nje, na moto hufifia. Someni pia kibandiko cha hita kujua kama imetengenezwa kwa gesi ya mitungi au kwa gesi asilia ya mabomba, kwani hizi hazibadilishani. Regulata nayo ilingane na msukumo ulioandikwa hapo.

Jambo linalowashangaza wengi ni hita mpya kukataa kuwaka. Mara nyingi si mbovu. Maji hayana msukumo. Kila mita moja ya kimo cha simtanki juu ya hita huleta msukumo wa baa 0.1 tu, na hita nyingi huhitaji baa 0.2 au 0.3 ndipo ziwake. Pandisheni tangi kwanza.

Fundi akimaliza kazi, apake povu la sabuni kwenye maungio yote mbele yenu. Moto uwe wa buluu; ukiwa wa njano au ukiacha masizi, funga gesi na umwite arudi. Mtu akilegea bafuni, mtoeni kwanza penye hewa, fungeni mtungi, mkimbizeni kituo cha afya, na mwambieni mganga kwamba kulikuwa na moto wa gesi.

Ndugu mmoja ameuliza kuhusu jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku kwa ajili ya joto. Sumu yake ni hiyo hiyo, na mkaa huitoa kwa wingi zaidi. Litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana yamefifia.