Njiwa ya kwetu Baraka

Muliniomba niseme juu ya ile njiwa, sababu watu wanacheka: ajenti wa ONG anafuga kitoweo na hataki kuikula.

Niliiokota kando ya barabara, watoto wameipiga bawa kwa manati. Nilifikiri itakaa siku mbili tu. Nikafunga bawa kwa kitambaa, nikaisagia mahindi, nikaweka maji kwa kisahani. Mulishaka kuona njiwa ikikunywa? Haiinui kichwa sawa kuku, inazamisha mudomo na kufyonza.

Binti yetu alizaliwa kule Nyarugusu. Tangu tuvuke ziwa alikuwa anasema kidogo sana. Shuleni wanamuita mukimbizi, hapa kwao! Siku moja nikamusikia nyuma ya nyumba anaelezea njiwa habari za kambi: foleni ya maji, rafiki zake, majina yote.

Sasa bawa limepona. Asubuhi tunaifungulia, inaenda kwa muembe wa jirani, magaribi inarudi kulala juu ya kabati. Bibi yangu, aliyekuwa anagombana juu ya mavi yake, ameshanunua mtama wa mwezi muzima. Basi, wenye kuuliza tutaikula siku gani, mumuulize mutoto.