Nchi Rahisi, Rahisi kwa Nani? Maneno ya Kamati ya Fedha kwenye Harambee ya Mwaka



Kamati ya Fedha tukisimama, wengi wenu huona ni wakati wa kwenda kuchukua soda. Leo tunaomba mkae. Tutazungumza habari za wageni na maisha rahisi, halafu tutaomba hela.

Siku hizi wastaafu wa Ulaya na Marekani wanatafuta nchi ya kuishi kama sisi tunavyotafuta kiwanja. Wanauliza kodi ya nyumba, bei ya sokoni, gharama ya hospitali. Wengi huishia Thailand. Kule mgeni wa miaka 50 na kuendelea anayeomba viza ya kustaafu anaweza kutakiwa kuonyesha kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au akiba ya baht 800,000 benki. Hizo 65,000 ni kama dola 2,000, yaani karibu milioni 5 za kwetu. Kima cha chini cha mshahara serikalini, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni 500,000. Anayekwenda kuishi kwa bei rahisi anatakiwa awe na mshahara wa watumishi wetu kumi.

Hapa Dar es Salaam tunawaona pia. Mgeni anayekula ugali na dagaa, akapanda daladala na kupanga Sinza, huona Tanzania ni bure. Mwenzake akipanga Masaki, akanunua jibini ya kutoka nje na kumpeleka mtoto shule ya kimataifa, ambako ada inaweza kupita dola 20,000 kwa mwaka, atalalamika kuwa nchi ni ghali. Nchi ni hiyo hiyo. Nyumba za Masaki zilikuwa zikitajwa kwa dola hadi Serikali ilipotoa kanuni mwaka 2025 za kukataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni.

Sisi wahasibu tunaangalia jambo moja: hela imepatikana wapi na inatumika wapi. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,330. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Mwenye dola 1,000 kwa mwezi aliongezewa zaidi ya shilingi 270,000 bila kumwomba bosi. Kijana wa bodaboda pale Shelui anayenunua spea za kutoka nje hakuongezewa kitu, alilipa zaidi. (Shilingi ilikuja kupata nguvu mwaka 2025. Kama kuna spea iliyoshuka bei, mtuambie ni duka gani.)

Kwetu Sekenke habari hii ni ya zamani. Wajerumani walichimba dhahabu yetu, na mwaka 1916, vita vilipowabana, walitengeneza Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Thamani yake ilikuwa maki 20. Leo wakusanyaji wa sarafu huko nje hununua moja kwa maelfu ya dola, na katika ukumbi huu hakuna hata mmoja aliyewahi kuishika. Mchimbaji mdogo wa leo naye anauza kwa shilingi kitu ambacho bei yake hupangwa London kwa dola.

Sasa tujitazame wenyewe. Desemba tukishuka Mlima Sekenke na magari yetu, sisi ndio wale wastaafu wa Thailand. Tunashangaa kuku alivyo rahisi. Tunanunua shamba kwa hela ya kodi ya miezi michache ya Dar. Fundi anatujengea ukuta kwa ujira ambao fundi wa Mbezi angeucheka, na tunarudi mjini tukisifia kuwa nyumbani maisha ni nafuu. Unafuu huo ni kipato kidogo cha shangazi aliyetuuzia kuku na cha fundi aliyetujengea, na wao nauli, dawa na madaftari ya watoto hawauziwi kwa bei ya Sekenke.

Ndiyo maana Kamati inapendekeza tuache mchango wa kiwango kimoja kwa wote. Mwalimu wa Kiomboi na mhandisi wa Muscat hawawezi kuandikiwa 50,000 sawasawa. Tunaomba kila mwanachama atoe asilimia moja ya kipato chake cha mwezi kwa mwaka mzima. Wapo watakaonung'unika kwamba tunataka kujua mishahara yao. Hatutaki, jikadirieni wenyewe.

Ninyi mlio nje, msitume kila mtu dola 20 zake. Ada za kutuma humeza sehemu kubwa ya kiasi kidogo. Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kuzishusha chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, na Afrika bado ni mbali. Kusanyeni kwa mtu mmoja kila nchi, mtume mara moja kwa miezi mitatu, na risiti itumwe kwenye kundi siku hiyo hiyo.

Fedha hizi ni za bweni la wasichana. Saruji na bati zinasafirishwa hadi Sekenke, nazo huko si rahisi hata kidogo. Makadirio yote yamebandikwa ukurasa wa mwisho wa kijarida hiki, mstari kwa mstari. Mwenye swali amwone mhazini, ameketi na daftari la ahadi karibu na mlango.